Simu Imeharibika Tena: Kutafuta Chanzo Mzee Anapokwama Mtandaoni

Mama mkubwa wangu anakaa Tanga. Mwanawe wa mwisho yuko Dubai, na ndiye aliyemletea simu janja, Android ya GB 32, ili awe anawaona wajukuu. Mwaka ule wa kwanza haikupita wiki bila kunipigia kwa kitochi chake kuniambia ile kubwa imeharibika. Nakwenda, naichukua mkononi mwake, naitengeneza kwa nusu dakika, namrudishia. Wiki inayofuata ni yale yale. Nilichelewa kuelewa kwamba "imeharibika" ni dalili tu, kama mgonjwa anayefika zahanati akasema mwili wote unauma. Tabibu hampi dawa kwa neno hilo. Anamuuliza unauma wapi, tangu lini, na ulikuwa unafanya nini ulipoanza.

Haya nimeyaandika kwa ajili ya mtoto, mjukuu au jirani anayemsaidia mzee kuingia mtandaoni. Vichwa ni maneno yao wenyewe, jinsi nilivyoyasikia kwa mama mkubwa na kwa wazee wa mtaani kwetu. Utaratibu wangu ni huu: kagua simu kwanza, halafu mkono na macho ya mzee, halafu namna unavyofundisha wewe. Kumbukumbu yake iwe ya mwisho kushukiwa. Karibu kila mara nilipoanza nayo nilikosea.

"Nabonyeza, haikubali"

Babu wa nyumba ya pili ni seremala tangu ujana wake. Aligusa alama ya kamera mara nne, mara tano, kamera isifunguke. Wanawe wakaamua mzee hawezi simu hizi. Nilimwomba aguse tena taratibu huku namtazama kidole badala ya kuitazama simu. Alikuwa anabonyeza kwa ncha, kwa nguvu, ukucha ukitangulia, kama alivyozoea batani za kitochi. Na ile ncha yenyewe imejaa sugu la miaka ya randa na msumeno.

Kioo cha simu janja hakipimi nguvu. Kina tabaka lenye chaji ndogo ya umeme, na ngozi yenye unyevu ikigusa, chaji hiyo hubadilika pale pale. Ndivyo simu inavyojua umegusa wapi. Ukucha haupitishi umeme. Ngozi kavu yenye sugu hupitisha kwa shida, na ngozi ya mzee hukauka hata kama hakuwahi kushika randa. Kwa hiyo anavyozidi kukandamiza ndivyo anavyozidi kushindwa.

Mfundishe kugusa kwa nyama ya kidole, ile sehemu inayopakwa wino wakati wa kutia dole gumba, na kugusa kwa wepesi kama anayeangalia kama pasi imepata moto. Apake mafuta kidogo mikononi, ayapanguse, ndipo ashike simu. Tazama pia protekta: zile nene za bei rahisi, hasa zilizoingia vumbi au hewa chini yake, huzuia mguso, na babu alipobandua yake nusu ya tatizo iliisha hapo hapo. Kwenye simu nyingi za Samsung kuna kipengele cha kuongeza wepesi wa kioo kuhisi mguso, kiwashe. Ikishindikana kabisa, madukani kuna kalamu zenye ncha ya mpira laini ambazo kioo kinazitambua.

Kwenye kupokea simu chanzo ni kingine. Simu nyingi hutaka utelezeshe kidole, kugusa peke yake hakutoshi. Mzee anaona duara la kijani, analigusa, halifanyi kitu. Hakuna aliyemwambia kwamba duara lile ni la kusukumwa. Baadhi ya simu zinakuruhusu kubadilisha ipokelewe kwa mguso mmoja. Tafuta kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility) au ya programu ya kupiga simu.

"WhatsApp imepotea"

Haijapotea. Mzee akigusa kwa kukawia, simu inaelewa kuwa anataka kuhamisha alama. Alama inanyanyuka, kidole kinateleza kidogo, na alama inadondokea kwenye "ondoa" au inahamia ukurasa wa pili. Programu yenyewe bado imo. Telezesha kidole kutoka chini kwenda juu, utaikuta kwenye orodha ya programu zote. Ishikilie na uirudishe mahali pake.

Lakini usiishie hapo, maana kesho itaondoka tena. Kwenye Mipangilio, sehemu ya ufikivu, kuna muda ambao simu husubiri kabla ya kuhesabu kuwa umeshikilia. Uweke mrefu. Simu nyingi pia zina namna ya kufunga mpangilio wa ukurasa wa mwanzo, alama zisihame. Kisha punguza vitu. Ukurasa wa mwanzo wa mama mkubwa una alama sita tu: simu, ujumbe, WhatsApp, kamera, picha na tochi. Zilizobaki zipo, ila hazimsongi machoni.

"Naongea mpaka mwisho, halafu inafutika"

Hili lilinisumbua kuliko yote, na nilimlaumu mama mkubwa bure kwa majuma kadhaa. Alikuwa hapendi kuandika kwa sababu herufi ni ndogo, kwa hiyo nilimfundisha kutuma sauti. Shikilia kipaza sauti, ongea, achia. Nilipokuwepo aliweza. Nikiondoka, ananipigia: nimeongea salamu zote, nimemaliza, haikwenda.

Siku moja nilikaa pembeni yake nikanyamaza. Alishikilia alama, akaanza: "Mwanangu, hujambo, watoto hawajambo..." Salamu zenyewe ni ndefu, na salamu za mama mkubwa hazikatishwi. Sekunde ya ishirini dole gumba lilianza kuchoka na kutetemeka, likasogea kushoto kama upana wa punje ya mchele, likasogea tena. Na kwenye WhatsApp kusogeza kidole kushoto wakati unarekodi maana yake ni futa. Yeye hakuona, kwa sababu kidole chake kilikuwa kimefunika mahali penyewe, na macho yake yalikuwa ukutani, yanamtazama mwanawe.

Dawa ipo, na imo humo humo. Ukishika kipaza sauti ukasukuma kidole juu, kwenye alama ya kufuli, kurekodi kunajifunga. Unaachia mkono kabisa. Unaweka simu mezani, unaongea utakavyo, ukimaliza unagusa mshale wa kutuma. Tulifanya mazoezi ya kusukuma juu bila kusema chochote, kama mara kumi, tukifuta kila moja. Mazoezi ya kitendo kimoja bila haraka yanafaa kuliko somo zima.

Kuna kinyume chake: sauti haziendi kwa sababu anagusa na kuachia mara moja. Hapo simu humwandikia ashikilie ili kurekodi, kwa maandishi yanayotoweka kabla hajayasoma. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Muulize kama aliona dakika zikihesabika. Akisema ndiyo, kidole kiliteleza. Akisema hapana, hakushikilia.

"Nikiiweka sikioni inazima"

Juu ya kioo, karibu na spika ya sikioni, kuna kihisi kinachozima mwanga kitu kikisogea karibu, ili shavu lisibonyeze vitu wakati wa maongezi. Mzee akisikiliza sauti ya WhatsApp akaisogeza simu karibu na sikio, kioo kinakuwa cheusi na sauti inahamia spika ndogo. Akidhani imezima, anaiondoa sikioni, sauti inarudi kwa kelele. Mweleze hivyo tu, inatosha. Ikiwa kioo kinazima hata mbali na uso, angalia kava au protekta isije ikawa imeziba hapo juu.

Kwenye simu ya video wajukuu wanaona sikio. Mtu aliyeweka mkono wa simu sikioni kwa miaka arobaini, mkono wake unakumbuka wenyewe. Usimcheke, watoto wasimcheke pia. Mpe mahali pa kuegemeza simu, kikombe kizito au kopo la mchele mbele ya kiti chake, mikono ikae mapajani. Mama mkubwa sasa hukaa akitazamana na dirisha, mwanga umpige usoni, maana alipolipa dirisha mgongo walikuwa wanaona kivuli.

Mwanga huo huo ndio chanzo pale programu inapokataa sura yake. Wastaafu wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanaweza kujihakiki kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani, na programu zinazotambua sura hushindwa mtu akiwa gizani, au kamera ya mbele ikiwa na mafuta ya mkono. Pangusa kamera, mkabilishe na mwanga, simu iwe usawa wa macho.

"Namba ya Dubai inaita, haiunganishi"

Wenye ndugu Ughaibuni hili walijue. Falme za Kiarabu kwa miaka mingi zimezuia simu za sauti na video za WhatsApp. Ujumbe, picha na sauti zilizorekodiwa zinapita. Simu yenyewe inabaki kwenye kuunganisha, au inakatika. Kule zipo programu zilizoruhusiwa kisheria, Botim ikiwa mojawapo inayojulikana sana, na lazima pande zote mbili ziwe nayo. Mama mkubwa alikaa miezi akiamini mwanawe hataki kupokea. Hakumwambia mtu. Alikuwa anasubiri aje likizo amuulize ana kosa gani.

Hili limenifunza kuuliza swali moja mapema: hiyo shida ni kwa mtu mmoja au kwa wote? Ikiwa kwa wote haiunganishi, tafuta kwenye simu na bando. Ikiwa kwa mmoja, tafuta kule aliko.

"Hakuna intaneti"

Muulize anaona nini kwenye mstari wa juu kabisa wa kioo. Ndege? Amegusa hali ya ndegeni aliposhusha pazia la juu. Hakuna alama ya 4G wala H kabisa? Data imezimwa, mara nyingi na wewe mwenyewe ulipotaka kumwokolea bando usiku. Alama zipo lakini hakuna kinachofunguka? Piga salio. Wazee wengi hawajui kwamba bando la siku hufa baada ya saa 24 hata kama MB zimebaki, kwa hiyo anahisi ameibiwa. Mnunulie la wiki au la mwezi, na umwandikie tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani.

Kuna chanzo kimoja kinachofichika: tarehe ya simu. Ikikaa bila chaji siku nyingi, simu nyingine huwaka na tarehe ya zamani. Kurasa zinaanza kuonya kuwa si salama, na WhatsApp inagoma kabisa. Rudisha saa na tarehe kwenye kujiweka zenyewe kutoka mtandaoni.

Bando likiisha haraka kuliko kawaida, shuku mambo mawili. Kwanza, WhatsApp inapakua kila video ya kila kundi. Ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa moja kwa moja wa video. Pili, simu inasasisha programu kwa data. Weka isubiri Wi-Fi, au uifanye wewe ukija na yako.

"Inasema imejaa"

GB 32 ni chache kuliko zinavyosikika, kwa sababu mfumo wa simu wenyewe umeshakula sehemu kubwa. Zilizobaki zinaliwa na kadi za Ijumaa njema, video za kwaya, mawaidha, picha ya harusi ileile iliyotumwa na watu wanane. WhatsApp ina sehemu inayoonyesha vitu vikubwa zaidi na vilivyosambazwa sana, anzia hapo.

Usifute peke yako. Kaa naye. Nilifuta mara moja sauti ya sekunde tisa iliyonekana haina maana, kumbe ilikuwa ya dada yake aliyefariki mwaka uliopita akimwita jina la utotoni. Haikupatikana tena. Tangu siku hiyo nauliza kila kimoja, na vile anavyovipenda navihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye simu yangu pia.

"Simu haiiti"

Kwa kawaida ni batani za pembeni. Anaishika kwa nguvu isianguke, kiganja kinashusha sauti. Au imo mfukoni mwa dera, au kwenye pindo la kanga, inajibonyeza. Angalia pia kama hali ya Usinisumbue (Do Not Disturb), inayonyamazisha milio, imewashwa. Na ukiona alama ya spika za masikioni wakati hazijachomekwa, tundu lake lina uchafu. Lisafishe kwa brashi laini na kavu, usichokonoe na pini.

"Maandishi hayaonekani"

Kuanzia miaka ya arobaini hivi lensi ya jicho huanza kukakamaa, kuona vya karibu kukawa kwa shida. Kwa hiyo kuza maandishi, kuza na ukubwa wa vitu kwenye kioo, ongeza muda wa kioo kukaa kabla ya kuzima kutoka sekunde 30 hadi dakika mbili au zaidi. Wengi huishia hapa. Lakini mtu akikuambia anaona ukungu, au taa ya kioo inamchoma na kutawanyika, au herufi kubwa kabisa bado hazisaidii, hilo halipo kwenye simu. Huenda ni mtoto wa jicho, na huondolewa kwa upasuaji mfupi. Mpeleke kliniki ya macho. Najua familia iliyobadilisha simu mbili kabla ya kumpeleka mzee hospitali.

Kwa asiyetaka kuandika, kibodi ya Gboard inapokea Kiswahili kwa sauti, na imefanya hivyo tangu 2017. Ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi, gusa kipaza sauti, aongee, maneno yanajiandika. Aongee pole pole na Kiswahili cha kawaida.

"Inataka neno la siri"

Hapa ndipo nimeona simu nzima zikigeuka kopo. Mzee alipoinunua, kijana wa dukani alimfungulia akaunti ya Google haraka haraka, kwa barua pepe aliyoitunga mwenyewe na neno la siri lililobaki kichwani mwake. Kila kitu kinaenda vizuri mpaka simu inapogoma na fundi kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Ikiwaka inadai akaunti ile ile iliyokuwemo. Ni kinga dhidi ya wezi, na haimjui mwenye simu halali asiyekumbuka.

Fanya kazi hii leo, kabla hakujaharibika kitu. Fungua Mipangilio, tazama ni akaunti gani imo. Kama neno la siri halijulikani na simu bado inafanya kazi, jaribu kulibadilisha sasa kupitia simu yenyewe, kisha weka namba ya laini yake na namba yako kwa ajili ya urejeshaji. Andika anwani na neno la siri kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, karatasi ikae na hati ya kiwanja na vyeti. Watu husema usiandike neno la siri popote. Kwa mzee anayeishi nyumbani kwake, kulisahau ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko mwizi wa kabati. Namba ya siri ya pesa ndiyo isiyoandikwa, wala kuambiwa mtu, hata wewe.

"Mwanangu kabadilisha namba, anataka hela"

Matapeli wanawajua wazazi wetu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unampata mzee ambaye kweli alikuwa anakusudia kutuma hela. Ule wa "mama, simu yangu imeingia maji, hii ni namba mpya" unamkuta mama ambaye watoto wake kweli hubadilisha namba. Hajadanganyika kwa ujinga. Amedanganyika kwa sababu ujumbe unafanana na maisha yake.

Kanuni yetu nyumbani ni moja: hela haitoki kwa ujumbe. Anapiga namba ya zamani, anasikia sauti, anauliza jambo la nyumbani ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Ujumbe wenyewe ausambaze kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli hapa Tanzania. Kama hela imeshatumwa, apige huduma kwa wateja wa mtandao wake dakika hiyo hiyo, maana kila dakika inampa tapeli nafasi ya kuitoa.

Utapeli wa pili ni wa tarakimu sita. Mtu wa kundi la jamaa, ambaye simu yake imeshatekwa, anamwandikia: "Nimekutumia namba kwa makosa, nirudishie." Zile tarakimu sita ndizo funguo za WhatsApp yake. Akizitoa, anatolewa yeye, na tapeli anaanza kuomba hela kwa jina lake. Ikishatokea, fungua WhatsApp upya kwa namba yake, weka msimbo mpya utakaoletwa na ujumbe, tapeli atatoka. Kama tapeli ameweka PIN ya hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ambayo WhatsApp huidai baada ya msimbo, nanyi hamuijui, itabidi kusubiri siku saba. Wakati huo wapigieni jamaa wote kwa sauti. Ndiyo maana nasema weka wewe uthibitishaji wa hatua mbili leo, kwa PIN anayoichagua mzee.

Na ile mishale miwili kwenye ujumbe, yenye maneno kwamba umesambazwa mara nyingi, mwoneshe ilipo. Ujumbe wa hivyo ukihusu dawa, auchukulie kama maneno ya mtu asiyemjua kituo cha basi. Mzee mmoja mtaani kwetu aliacha vidonge vya presha kwa sababu ya video ya majani fulani, na tulijua alipoanguka.

"Ulinionesha juzi, nimesahau"

Kabla hujasema kumbukumbu imechoka, jiulize ni mkono wa nani uliofanya. Kama ulisema "lete nikuoneshe" ukaichukua, ukagusa mara sita kwa sekunde tatu, hukumfundisha kitu cha kusahau. Weka mikono yako mgongoni. Iwe ngumu kiasi gani, simu isitoke mkononi mwake.

Halafu sikiliza maneno yako. "Bonyeza pale" haina maana kwa mtu aliye upande wa pili wa simu. "Nenda kwenye menyu" haina maana kwa mtu ambaye hajawahi kuona menyu. Taja rangi, umbo na mahali: vidoti vitatu, juu, kulia. Mkubaliane majina. Mama mkubwa anaita kipaza sauti "karanga", nami naita hivyo hivyo, na hatujapotezana tena.

Fundisha jambo moja kwa siku, lile analolitaka yeye. Mpe daftari aandike mwenyewe, kwa mwandiko wake na michoro yake. Kichwa cha ukurasa kiwe shughuli, "Kumtumia Fatu picha", kisha hatua. Programu ikisasishwa na vitu vikahama, rudini kwenye ukurasa huo mkaurekebishe, na umwambie wazi kwamba aliyebadilika ni WhatsApp.

Kuna usahaulifu ambao ni wa kuchukulia kwa uzito. Akianza kusahau na mambo ya nje ya simu, njia ya sokoni, majina ya watoto, sufuria motoni, mpeleke hospitali. Na kuchanganyikiwa kwa ghafla, kunakokuja ndani ya saa au siku, au mdomo kupinda na maneno kukwama, ni dharura ya saa ile ile.

Kimya

Dalili mbaya kuliko zote haina maneno. Mzee ameacha kulalamika. Hapigi, hatumi, ukimuuliza anasema simu ipo tu. Utaikuta kabatini, imezimwa, imefungwa kwenye leso safi. Nilipoikuta ya mama mkubwa hivyo, nilidhani bando limekwisha. Haikuwa hivyo. Mtu wa nyumbani alikuwa amemwambia mbele ya wageni, "Nimekuonesha mara ngapi?" Mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, aliyewafundisha kusoma watoto wa mtaa mzima, hakurudi tena kuuliza.

Nyuma ya kimya kama hicho huwa kuna aibu. Wakati mwingine ni ya kukaripiwa, wakati mwingine ni ya kutapeliwa hela ambayo hajamwambia mtu. Ulizia pole pole, mkiwa wawili, na ukisikia amepoteza hela usianze kwa "kwa nini". Mweleze kwanza kwamba na vijana wanatapeliwa, jambo ambalo ni kweli. Somo jipya lisubiri. Mwombe kitu ambacho yeye anakijua na wewe hukijui.

Mimi nilimwomba anieleze kwa sauti namna anavyopika mkate wa kumimina, kwa sababu wangu hujaa mashimo upande mmoja tu. Nikaichaji simu, nikaiacha mezani, nikaondoka. Ilipofika saa tatu usiku sauti ikaingia, ya dakika nne na sekunde kadhaa. Alianza na salamu zote. Nyuma ya sauti yake nilisikia mchi unagonga kinu taratibu, anatwanga hiliki huku anaongea, mikono yote miwili ikiwa kazini.